Leontyne Price aliitunzaje sauti yake miaka yote ile?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa hapa Moshi. Mwalimu wetu wa kwaya alituonyesha video ya Leontyne Price akiimba Aida, nikatokwa na machozi bila kuelewa hata neno moja la Kiitaliano. Anasema mama huyu ndiye mtu mweusi wa kwanza kuimba katika Metropolitan Opera ya New York, na kwamba alitoka kwaya ya kanisa akapanda jukwaani kwa kipaji tu, bila shule. Ni kweli? Na aliwezaje kuimba vile katika umri ule, wakati mimi nina miaka 24 na kila baada ya semina ya injili ya wiki moja sauti inakauka kabisa?

Jibu: Marahaba, binti. Mwalimu wako amekupa zawadi kubwa kwa kukuonyesha video ile, na naomba umfikishie shukrani zangu. Lakini mambo mawili aliyowaeleza hayako sawa, na ni lazima niyanyooshe kwa sababu ukiyaamini yataharibu uimbaji wako mwenyewe. Price hakuwa mweusi wa kwanza pale, na hakupanda kwa kipaji kitupu. Alisoma miaka mingi, akachangiwa na watu wengi, na alipokwisha kuwa na jina alijua kuwaambia wakubwa wa dunia ya opera kwamba hapana, au kwamba muda bado. Swali lako la tatu, la sauti kukauka, jibu lake liko hapo hapo.

Mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya mhusika katika jukwaa la Metropolitan ni Marian Anderson, tarehe 7 Januari 1955, alipoimba Ulrica, yule mpiga ramli katika opera ya mtunzi Mwitaliano Verdi iitwayo Un ballo in maschera. Ukumbi ule ulifunguliwa mwaka 1883. Hesabu mwenyewe miaka waliyofungiwa mlango. Anderson alikuwa na sauti nzito ya chini, Ulaya na Marekani nzima ilikuwa ikimjua kwa miongo miwili, na siku anakaribishwa alikuwa na miaka 57, ubora wa sauti yake ukiwa umeshapita. Tarehe 27 ya mwezi huohuo akaingia Robert McFerrin, baritoni, baba mzazi wa Bobby McFerrin ambaye vijana wengi wanamjua. Mwaka 1956 akaja Mattiwilda Dobbs, 1958 Gloria Davy, 1959 Martina Arroyo. Price aliingia tarehe 27 Januari 1961, miaka sita kamili baada ya McFerrin.

Watu humwita wa kwanza kwa sababu waliomtangulia walifungua mlango, lakini yeye ndiye aliyeingia na kuwa nguzo ya nyumba, jina ambalo watu walipanga foleni ya tiketi kwa ajili yake mwaka hadi mwaka. Hilo ni kubwa vya kutosha. Halina haja ya kuongezewa kwa kuwafuta wenzake.

Sasa turudi nyumbani kwao. Alizaliwa tarehe 10 Februari 1927 mjini Laurel, Mississippi, mji wa biashara ya mbao, katika jimbo ambalo sheria za ubaguzi zilimtenga mtu mweusi shuleni, kwenye basi na hata kwenye bomba la maji. Baba yake, James, alikuwa kibarua katika kiwanda cha kupasua mbao. Mama yake, Kate, alikuwa mkunga, na Jumapili aliimba katika kwaya ya kanisa la Methodisti, kwa sauti ya soprano iliyosifiwa mtaani kwao. Walikuwa wamemngoja mtoto huyu kwa miaka 13 ya ndoa. Alipoonyesha kupenda kinanda akiwa mdogo kabisa, waliitoa gramafoni ya nyumbani iwe malipo ya kwanza ya piano. Hebu fikiria mji ule na miaka ile. Gramafoni ndiyo iliyokuwa anasa ya familia, na walikubali nyumba ikae kimya ili mtoto ajifunze.

Akiwa na miaka 9 mama yake alimchukua kwa basi hadi Jackson kumsikiliza Marian Anderson huyohuyo niliyemtaja. Price amesimulia tukio hilo mara nyingi kama siku aliyoona kwanza kwamba mwanamke mweusi anaweza kusimama peke yake mbele ya watu, na ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza.

Hata hivyo hakwenda chuo kusomea opera. Alikwenda Wilberforce, Ohio, kusomea ualimu wa muziki, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo binti mweusi mwenye muziki angeweza kuitegemea. Wakufunzi wa pale wakamsikia akiimba, wakamgeuza njia. Mwaka 1948 alimaliza, akapata ufadhili wa masomo wa Juilliard, chuo cha muziki cha New York, lakini ufadhili haulipi chumba wala chakula. Paul Robeson, mwimbaji mkubwa wa wakati ule, aliimba katika tamasha la kumchangia. Na kule Laurel, Elizabeth Chisholm, mama Mzungu mwenye uwezo ambaye shangazi yake Leontyne alikuwa dobi nyumbani kwake, naye akatoa fedha. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema alipanda kwa kipaji tu, mkumbushe kibarua wa mbao, mkunga, dobi, Robeson na Bi. Chisholm.

Juilliard alikutana na Florence Page Kimball, mwalimu aliyebaki mshauri wake hata baada ya jina kukua. Kanuni aliyoipata kwa Kimball, na ambayo Price aliirudia maisha yake yote, ni kwamba mwimbaji aimbe kwa riba, asiguse mtaji. Kama uko kwenye kikoba huko Moshi huhitaji ufafanuzi. Unapanda jukwaani na sauti ya kiasi fulani, na kila onyesho unatumia kile kilichozidi. Siku unapoimba kwa nguvu zote ulizonazo ili watu washangae, umekula mtaji, na kesho utaingia na pungufu. Koo halikopeshi.

Mwaka 1952 aliimba Mistress Ford katika Falstaff ya wanafunzi wa Juilliard, na kutoka hapo mambo yakaenda kasi. Mwaka huohuo akachukuliwa kuimba Bess katika Porgy and Bess ya Gershwin, akizunguka Marekani kisha Vienna, Berlin, Paris na London. Aliyeimba Porgy alikuwa William Warfield, na walifunga ndoa mwaka huo. Ndoa haikudumu. Porgy nayo ingeweza kuwa mwisho wake. Ilikuwa ndiyo opera iliyokuwa na nafasi nyingi kwa waimbaji weusi, na wengi waliingia humo wakabaki humo, wakiitwa tena na tena kuimba watu maskini wa mtaa mmoja. Price alitaka opera za watunzi Verdi, Puccini na Mozart, na alikuwa na sauti ya kuziimba.

Januari 1955, mwezi uleule ambao Anderson alikuwa akiimba Metropolitan, televisheni ya NBC ilimweka Price aimbe Tosca. Vituo kadhaa vya Kusini vinavyorusha matangazo ya NBC vilikataa kuonyesha kipindi hicho, kwa kuwa Tosca ni mwanamke anayependwa na Mzungu, na mwimbaji alikuwa mweusi. Aliyesimamia muziki wa opera pale NBC ni Peter Herman Adler. Lishike jina hilo.

Mwaka 1957 alifika San Francisco kuimba katika opera mpya ya Poulenc kuhusu watawa Wakarmeli. Akiwa huko, soprano Antonietta Stella aliyepangwa kuimba Aida akafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na Price akachukua nafasi yake. Ndiyo Aida yake ya kwanza jukwaani. Mwaka uliofuata kiongozi wa okestra Herbert von Karajan akamwita Vienna kwa Aida hiyohiyo, kisha akaimba katika jumba la opera la Covent Garden, London. Mei 1960 aliiimba La Scala, Milano, jumba la opera ambalo Verdi mwenyewe alilifanyia kazi.

Katikati ya hayo, mwaka 1958, Rudolf Bing, mkuu wa Metropolitan, alimwalika aje aimbe Aida.

Alikataa.

Ningependa usimame hapo kidogo. Ana miaka 31, ametoka Mississippi, nyumba kubwa kuliko zote nchini kwake inamfungulia mlango kwa opera anayoimudu kuliko mtu yeyote, naye anasema bado. Adler na wengine walimshauri hivyo, na hoja yao ilikuwa wazi. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia, lakini katika hadithi ni mtumwa aliyetekwa Misri. Mara ya kwanza Wamarekani wanapomwona Price katika jukwaa lile, walisema, asiingie kama mtumwa. Aingie kama bibi mkubwa. Pia walitaka aje akiwa na wahusika wengi mkononi, asiwe mwimbaji wa opera moja ambaye akichoka nayo hana pengine pa kwenda. Kwangu mimi uamuzi ule unazidi noti yoyote aliyowahi kuiimba, na sijui wangapi kati yetu tungeuweza.

Alipoingia, ile Januari 1961, aliingia kama Leonora wa Il trovatore, binti wa ukoo wa heshima wa Hispania. Usiku huo huo tenori Franco Corelli naye alikuwa anaimba pale kwa mara ya kwanza. Makofi ya mwisho yanasimuliwa kuwa yaliendelea kwa dakika 42. Hata ukipunguza kwa nusu, bado ni muda mrefu kuliko ibada fupi. Ndani ya wiki chache akaongeza Aida, Madama Butterfly, Donna Anna wa Don Giovanni na Liù wa Turandot. Wahusika watano katika msimu mmoja wa kwanza. Hapo ndipo faida ya kungoja ilipoonekana, maana wote alikuwa amewatayarisha.

Ila hata yeye aliwahi kugusa mtaji, na hili nalisema kwa ajili yako hasa. Oktoba 1961 alipewa heshima ya kufungua msimu wa Metropolitan, mweusi wa kwanza kupewa usiku huo. Opera ilikuwa La fanciulla del West ya Puccini, ambayo mhusika wake, Minnie, anapiga kelele juu ya okestra nzito kwa muda mrefu. Tena msimu wenyewe nusura usiwepo kwa sababu ya mgogoro wa wanamuziki, mpaka waziri wa kazi wa Marekani alipoingilia kati. Onyesho la kwanza lilikwenda vizuri. Katika la pili sauti ikaanza kukatika mbele ya watu. Alifika mahali akawa anasema maneno badala ya kuyaimba, na sehemu ya tatu ikabidi imaliziwe na Dorothy Kirsten. Ilisemwa ni maambukizi ya virusi, na baadaye yeye mwenyewe akakiri kwamba alikuwa amechoka mwili na akili.

Alipumzika wiki kadhaa, akarudi, kisha baada ya Butterfly moja ya Desemba akafuta maonyesho yaliyobaki na kwenda Roma kukaa kimya. Miezi. Mwimbaji aliyekuwa ametoka kwenye jalada la jarida la Time mwaka huohuo aliondoka akiwa juu kabisa, na alirudi majira ya kuchipua mwaka 1962 akiwa mzima. Waimbaji wengi wangetumia sindano na vidonge ili tu wasifute tarehe, na wangelipa deni hilo miaka kumi baadaye.

Sitakaa sana kwenye tuzo. Rais Johnson alimvisha nishani ya juu kabisa ya kiraia mwaka 1964, alipata Grammy 13 za ushindani, na mwaka huohuo wa 1964 aliimba Donna Anna na Metropolitan mjini Atlanta, Kusini kulekule walikokataa kumwonyesha kwenye televisheni. Tarehe 16 Septemba 1966 alifungua jengo jipya la Metropolitan pale Lincoln Center kwa opera mpya ya Samuel Barber, Antony and Cleopatra. Mitambo ya jukwaa ilisumbua, mavazi yalikuwa mazito mno, wahakiki wakaiponda opera. Yeye hawakumponda. Barber alikuwa rafiki yake, alikuwa amempigia piano mwenyewe mwaka 1953 Price alipoimba Hermit Songs kwa mara ya kwanza, na baadaye Price aliendelea kuziimba sehemu za Cleopatra kwenye matamasha yake ili kazi ya rafiki yake isife.

Tangu miaka ya mwisho ya 1960 alianza kupunguza opera na kuongeza matamasha ya peke yake na mpiga piano, ambako yeye ndiye anayechagua nyimbo, urefu na siku za kupumzika. Watu walilalamika kwamba haonekani. Ukipiga hesabu, kwa miaka 24 ya Metropolitan aliimba mara 201 tu, wahusika 16, ikiwemo misimu ambayo hakuimba kabisa.

Sasa video yako. Ni Aida ya tarehe 3 Januari 1985, ya kuaga opera, iliyorushwa moja kwa moja na PBS, televisheni ya umma ya Marekani. Alikuwa na miaka 57. Umri uleule aliokuwa nao Marian Anderson siku alipofunguliwa mlango. Angalia tena sehemu ya tatu, pale kando ya Mto Nile usiku, anapoimba O patria mia. Aida anajua hataiona tena nchi yake. Okestra inapungua, obo, ala ya kupuliza, inaanza peke yake, na yeye anaingia kwa sauti ndogo. Kuelekea mwisho Verdi anampandisha hadi Do ya juu, na juu ya noti hiyo ameandika iimbwe kwa utamu. Noti ya juu vile ni rahisi kuipigia kelele. Kuiimba polepole, bila kuisukuma, katika ukumbi wa viti kama 3,800 usio na kipaza sauti, ndiyo kazi. Wanaoijua opera hii hushika pumzi wakifika hapo.

Anapomaliza, ukumbi unalipuka. Mtazame usoni. Anajitahidi kubaki Aida, hasogei, hatabasamu, lakini makofi hayakomi, na taratibu unaona macho yanalowa. Halafu anajirudisha, na onyesho linaendelea, kwa sababu baba yake, mfalme Amonasro, anaingia. Usiku ule aliyeimba Amonasro ni Simon Estes, mweusi Mmarekani pia. Price aliwahi kusema kwamba katika Aida ngozi yake ndiyo vazi lake. Mlango alioukataa mwaka 1958 aliutumia kutokea, kwa hiari yake, sauti ikiwa bado inatosha.

Na baada ya hapo hakunyamaza. Aliendelea na matamasha hadi mwaka 1997. Mwaka 2001, akiwa na miaka 74, alitoka kwenye mapumziko akaimba katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, katika kumbukumbu ya waliouawa Septemba 11.

Kuhusu koo lako, sijakusikia, kwa hiyo nasema yale ninayoyaona katika kwaya zetu karibu zote. Semina ya wiki moja kwa kawaida ni mazoezi asubuhi, ibada mchana, mkesha usiku, spika zimefunguliwa mpaka hujisikii mwenyewe, na katikati ya hapo mnasalimiana kwa kupaza sauti. Soprano anaombwa aongeze nguvu ili kinanda kisimzidi. Hapo unaimba mtaji kila saa. Mwombe fundi mitambo akuwekee spika ndogo inayokugeukia wewe. Kama haiwezekani, imba kwa kiasi unachokihisi mwilini, usifuate masikio, kwa sababu kelele zitakudanganya. Katika mazoezi ya mchana zishushe noti za juu oktavu moja au uzipitie kimyakimya. Mwalimu mzuri hatakasirika ukimweleza mapema. Kunywa maji siku nzima, usingoje koo likauke. Siku sauti inapokwaruza, nyamaza, na usinong'one, kunong'ona kwa nguvu kunachosha koo vilevile. Na ikiwa ukwaruzaji unapita wiki tatu, usiishie kwenye tangawizi na asali, nenda hospitali ukamwone daktari wa masikio, pua na koo aangalie nyuzi za sauti kwa kifaa. Vinundu vidogo hugundulika hivyo, na vikiwahiwa mara nyingi hutulia kwa mapumziko na mazoezi ya kuongea na kuimba vizuri.

Lingine ni gumu zaidi kwa binti wa kwaya, nalo ni kukataa. Utaombwa uimbe harusi Jumamosi, msiba Jumapili mchana, na kurekodi Jumapili usiku, na kila anayekuomba ni shangazi au mchungaji. Chagua mbili. Sema mapema, kwa heshima, na umtaje mwenzako anayeweza kuchukua ya tatu.

Ukitaka kumsikiliza kwa mpangilio, anza na Aida aliyorekodi Roma na Georg Solti mwaka 1961, sauti ikiwa changa na inang'aa. Kisha chukua santuri ya nyimbo za Krismasi aliyoifanya na Karajan mwaka huohuo, ambayo kwaya yenu itaielewa mara moja kwa sababu nyimbo kadhaa mnazijua. Sikiliza jinsi anavyoshuka kwenye noti za chini, ile sauti yenye moshi kidogo ambayo hakuiona aibu. Hermit Songs ziwe za mwisho, piano na mtu mmoja tu, ukiwa umekaa peke yako na maneno ya Kiingereza yameandikwa mbele yako ufuate neno kwa neno.